Nusu na Thuluthi Si 2/5

Wenzetu wengi hujumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5. Jamani! 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu. Mtu huongezwaje akapungukiwa?

Mwenye duka hadanganyiki hivyo. Nusu kilo ya sukari na robo ni robo tatu, kwani nusu ni robo mbili. Husawazisha vipande kwanza, ndipo ahesabu. Basi 1/2 ni 3/6, na 1/3 ni 2/6. Jumla ni 5/6. Ukitoa, inabaki 1/6.

Kwa maoni yangu, walimu waanzie dukani, tena kwa Kiswahili, kabla ya kutupa kanuni za kukariri. Anayekariri asichoelewa hukisahau mtihanini, kisha husema hesabu si yake. Hesabu ni yetu sote!