KUFULI NDANI YA INJINI



Sisi tunaoshika spana twataka kusema neno juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la wasomi wa ofisini, nalo ni programu za kompyuta. Siku hizi injini haiendi kwa mafuta peke yake. Ndani yake mna kompyuta, na ndani ya kompyuta mna amri zilizoandikwa na mtu. Mtu huyo akizifunga, fundi ajapokuwa hodari namna gani atakuwa mgeni mbele ya injini yake mwenyewe.

Tumeyaona. Mashine moja ya karakana yetu ilisimama, tukaifungua, wala hatukuona chuma kilichovunjika. Tulingoja siku tisa mpaka akaja mtu na kompyuta yake ndogo. Alibonyeza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, mashine ikaamka. Tulipomwuliza alifanya nini, alisema hana ruhusa ya kutuambia.

Jambo kama hilo ndilo lililomwudhi Bwana Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT huko Marekani. Karibu na mwaka 1980 waliletewa printa mpya, na karatasi zikawa zinakwama. Programu ya printa ya zamani aliweza kuirekebisha. Ya hii mpya alinyimwa maandishi yake, kwa kuwa aliyekuwa nayo aliahidi kuyaficha. Mwaka 1983 Stallman alitangaza kwamba ataandika programu huria, na mwanzo wa 1984 akaacha kazi ili aifanye hiyo. Alitaka kila mtu awe na haki ya kuitumia programu, kuisoma, kuibadili na kuwagawia wenzake. Wenye Kiingereza hutumia neno moja kwa bure na kwa huru, wakabishana miaka mingi. Sisi tunayo mawili, hatuna haja ya kubishana.

Mwaka 1989 alitoa leseni iitwayo GPL: chukua, tengeneza, hata uza, lakini ukimpa mtu programu hiyo, mpe na maandishi yake. Linus Torvalds wa Finland aliiweka Linux yake chini ya leseni hiyo mwaka 1992, na leo Linux imo ndani ya kila simu ya Android. Huko Eldoret, tangu 2006, habari za wagonjwa zimewekwa kwa OpenMRS, nayo ni programu huria. Mafundi wa Kenya wamo miongoni mwa walioijenga.

Sasa twende Poland, maana huko ni habari ya reli. Mwaka 2022 treni kadhaa zilikataa kuondoka baada ya kutengenezwa katika karakana isiyokuwa ya kiwanda kilichoziunda. Karakana ikaita vijana stadi wa kompyuta. Desemba 2023 vijana hao walieleza hadharani kwamba walikuta amri za kuzifunga treni, nyingine zikitazama kama treni imelala katika karakana ya watu wengine. Kiwanda kilikana, kikawapeleka kortini. Waliyoyapata kwa kuvunjavunja kufuli, kwa leseni ya Stallman wangaliyapewa mkononi.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi watu wa programu huria. Walipigania maandishi, wakasahau mshahara. Mwaka 2014 lilionekana kosa kubwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mabenki na maduka ya intaneti dunia nzima. Kumbe aliyeifanya kazi hiyo ya siku nzima alikuwa mtu mmoja tu! Makampuni tajiri yalikuwa yakila jasho la wengine bila kutoa kitu. Chama cha wafanya kazi kingaliuliza habari ya malipo siku ya kwanza.

Kwa hiyo twaomba, wajumbe wetu watakapokaa na waajiri juu ya mashine mpya, waulize kama maandishi ya programu yatakuja pamoja nazo, na ni mafundi wangapi watakaofundishwa kuyasoma, na kwa malipo gani. Zamani injini ilikuja na kitabu chake. Tumekwisha mwandikia katibu wa tawi letu. Wenzetu wa matawi mengine nao waandike kabla ya mkutano.