Dada Wawili, Mfalme Mmoja: Tumlaumu Nani?

Jumamosi moja jioni, sisi mafrateri wa filosofia tuliketi ukumbini kutazama The Other Boleyn Girl, filamu ya mwaka 2008 inayowahusu dada wawili wa Uingereza, Anne na Mary Boleyn, na Mfalme Henry VIII. Filamu ilipokwisha, ubishi ulianza, nao haukukoma mpaka kengele ya kimya kikuu. Wengine tulisema mkosaji ni Anne, kwa kuwa alimpokonya dada yake mapenzi ya mfalme. Wengine tulimtetea: Mary ndiye aliyeichukua kwanza nafasi ambayo Anne alikuwa ameandaliwa. Asubuhi yake, baada ya Misa, tuligundua kwamba sote tulikuwa tumekosea mahali pamoja. Tulibishana kwa saa nzima, na hakuna aliyemtaja baba yao.

Tukumbuke mambo yanavyoanza katika filamu hiyo. Malkia Catherine hajampatia mfalme mrithi wa kiume. Baba yao, Thomas Boleyn, na mjomba wao, Duke wa Norfolk, wanaona hapo fursa. Wanamtanguliza Anne. Mfalme anampenda Mary, ambaye tayari ni mke wa mtu. Basi wanabadili mpango, na mume wake anatakiwa kunyamaza. Mary anapopata mimba na kulazwa kitandani, wanamrudisha Anne kutoka Ufaransa ili mfalme asitazame familia nyingine. Mama anapinga, lakini hasikilizwi. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Sisi tulikuwa tumewakazia macho panzi.

Ni kweli kwamba filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya Philippa Gregory ya mwaka 2001, imeongeza chumvi. Kwa kadiri historia inavyoonyesha, uhusiano wa mfalme na Mary ulikuwa umekwisha kabla hajamgeukia Anne. Lakini faida ya familia si hadithi ya kubuni. Thomas Boleyn alipandishwa cheo mwaka 1525, na mwaka 1529 akawa Earl wa Wiltshire. Hasara nayo si ya kubuni. Mwezi Mei 1536 Anne alishtakiwa kwa uzinzi na uhaini, na aliyeongoza mahakama na kumsomea hukumu ya kifo alikuwa mjomba wake huyohuyo, Norfolk. George, kaka yao, aliuawa tarehe 17 Mei. Anne tarehe 19. Miaka minne baadaye mpwa mwingine wa Norfolk, Catherine Howard, aliolewa na mfalme yuleyule, naye akakatwa kichwa mwaka 1542.

Sisi Wakatoliki tunaijua habari hii kwa jeraha lililobaki katika Kanisa. Henry alimwomba Papa Clement VII atamke kwamba ndoa yake na Catherine ni batili, akidai kwamba kitabu cha Walawi kinakataza kumwoa mke wa ndugu. Wakati huohuo aliomba ruhusa ya kumwoa Anne licha ya kizuizi cha aina ileile, kwa sababu alikuwa amelala na Mary. Dhamiri iliyomuuma kuhusu mke wa kaka yake haikumuuma kuhusu dada wa kimada wake. Mwaka 1534 Bunge lilimtangaza kuwa kichwa cha Kanisa la Uingereza. Mwaka uliofuata John Fisher na Thomas More, watakatifu wetu, waliuawa. More alikuwa amewahi kuwa na kibali cha mfalme kuliko watu wengi. Alikiachia kiende zake.

Je, basi dada hao hawana kosa? Hapana. Husuda inabaki kuwa dhambi hata kama mwingine ndiye aliyeipanda. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaieleza kuwa ni huzuni juu ya jema la mwenzako, na anaongeza kwamba hatumhusudu aliye mbali nasi, bali aliye karibu. Ndiyo maana ndugu ni rahisi kugombanishwa. Lea na Raheli hawakuzaliwa wakiwa mahasimu. Labani, baba yao, ndiye aliyewatia katika ndoa moja kwa hila.

Hapa tujitazame. Sisi waseminari tunajua jinsi sifa ya mlezi kwa mmoja wetu inavyoweza kuwaharibia wengine chakula cha mchana. Lakini liko swali gumu zaidi, kwa sababu Mungu akipenda tutakuwa mapadre. Kwaya mbili zitakapogombea kupendwa na paroko, je, tutazipatanisha, au tutafurahia kugombewa? Nanyi wazazi, mnapomwambia binti, “Mwangalie mwenzako,” mnajenga nini kati ya hao wawili? Binti si ngazi ya ukoo. Muumini si pambo la padre.

Mary Boleyn alibaki mjane, na mwaka 1534 aliolewa na William Stafford, mwanajeshi asiye na cheo kikubwa, bila kuomba ruhusa. Alifukuzwa katika jumba la mfalme. Katika barua aliyomwandikia Thomas Cromwell kuomba msaada, alisema ni afadhali kuomba mkate pamoja na mume huyo kuliko kuwa malkia mkuu kuliko wote. Anne alikuwa malkia wakati huo, na alikuwa amebakiza miaka miwili tu ya kuishi. Mary aliishi hadi 1543, mbali na macho ya mfalme.