Sauti ya mwalimu hutibiwa hospitali, huumizwa darasani

WALIMU wa Mbeya na Iringa wamezoea kuilaumu baridi. Kati ya Juni na Agosti hewa ya Nyanda za Juu Kusini huwa kavu, vumbi hutimka, na anayepwelewa sauti hushauriwa kunywa tangawizi yenye limau. Wengine hujinunulia dawa za kuua bakteria, ambazo mara nyingi hazihusiani kabisa na kinachowasumbua.

Baridi ina mchango wake, lakini haitoshi kueleza kwa nini sauti ya mwalimu hukauka kila muhula na kurejea wakati wa likizo. Huyo anaumizwa na kazi. Nyuzi mbili za sauti zilizo kooni hugongana mara 100 hadi 200 au zaidi kwa sekunde mtu anapozungumza. Akilazimika kupaza sauti kutwa nzima, huvimba na hatimaye huota vijinundu.

Vijinundu vingi havihitaji kisu. Huhitaji pumziko, maji ya kutosha na mazoezi ya kutoa sauti bila kulikamua koo, chini ya mtaalamu wa tiba ya usemi. Wataalamu hao ni wachache Afrika Mashariki; Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Hata kuchunguzwa koo kwa kifaa maalumu humlazimu mwalimu wa Chunya au Mufindi kusafiri hadi hospitali kubwa. Safari hiyo haifai kuahirishwa sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, kwani kifua kikuu na saratani ya koo navyo huweza kuanza hivyo hivyo.

Akishatibiwa, hurudi darasa lile lile. Kiwango kilichozoeleka serikalini ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini tangu ada ifutwe shule za msingi mwaka 2002, na hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa mengi yamefurika. Kumwambia apumzishe sauti wiki mbili bila mtu wa kumshikia vipindi ni kumwandikia dawa isiyouzwa popote.

Poland huhesabu matatizo sugu ya sauti kuwa ugonjwa wa kazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayogusa magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini madai huhitaji kumbukumbu za daktari, na aliyejitibu kwa tangawizi miaka kumi hana hata karatasi moja ya kuonyesha.