Mpeni Mwanetu Jumamosi Moja

BARAZANI
Na Mwanaidi Hatibu

Mtoto wa kaka yangu ameishi miaka tisa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Mjini kwao kuna daraja liitwalo Big Four. Lilijengwa kwa ajili ya treni mwaka 1895, na leo ni la waendao kwa miguu na baiskeli peke yao. Linavuka mto Ohio, ukilianza uko Kentucky na ukilimaliza uko Indiana, na hulipi hata senti. Mwanetu huliona karibu kila siku akiwa garini. Katika miaka yote tisa hajapata kulikanyaga.

Nilipomuuliza kwa nini, hakukasirika. Alisema, "Shangazi, siku ya kutembea nitaitoa wapi?"

Swali hilo nimerudi nalo Tanga, na safu ya leo nawaandikia jamaa tuliobaki nyumbani, nikijihesabu na mimi.

Safari yangu ya Marekani ilianzia Buffalo, kaskazini kabisa, mpakani na Kanada. Mji ule ulikuwa na watu 580,000 mwaka 1950. Viwanda vikafungwa, watu wakahama, na sensa ya 2010 ikakuta 261,000 tu. Ya 2020 ikahesabu 278,000. Lilikuwa ongezeko la kwanza katika miaka sabini, na wakimbizi na wahamiaji ni sehemu ya sababu zake. Sikuhitaji takwimu kuliona hilo. Nilitembea upande wa magharibi wa mji, Grant Street na vichochoro vyake, na Kiswahili kilinifikia sikioni kabla sijaona sura ya msemaji. Mtaa wa Niagara kuna soko dogo la chakula, West Side Bazaar, wanakoanzia biashara watu waliotoka nchi mbalimbali. Lilifunguliwa 2011, likaungua 2022, na mwaka uliofuata likafunguliwa upya kwenye jengo kubwa zaidi. Nilikaa pale na injera yangu karibu saa mbili. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, kutoka meza ya jirani, alinisikia nikiongea na simu akageuka.

"Mama, uko unatoka Tanzania? Mimi nilikaaka Nyarugusu, miaka kumi na tano."

Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma; kutoka hapo yakawa ni ya Kigoma na dagaa wake, ambao kwake ni ndagala, na bei yao enzi zile. Hakuwa na haraka. Aliniambia hiyo ndiyo siku yake ya kwanza ya kukaa tu tangu Ramadhani iishe, na kwamba alitoka nyumbani bila kuwaambia wanawe anakokwenda, ili asiitwe.

Columbus, mji mkuu wa Ohio, nilikaa siku tatu. Mji huo una undugu rasmi na Seville ya Hispania, na naona undugu huo una maana, kwa kuwa kaburi la Christopher Columbus, ambaye mji umepewa jina lake, limo ndani ya kanisa kuu la Seville. Sijafika Seville. Lakini nimesoma vya kutosha kuhusu jinsi wenyeji wanavyoimaliza siku yao. Unaingia mahali unapewa kijisahani cha mchicha uliopikwa na dengu, unakula umesimama, unaagana na watu. Unatembea mitaa miwili chini ya michungwa, unaingia pengine, unapewa samaki wa kukaanga. Chakula cha mchana ni saa nane au saa tisa. Cha usiku ni saa tatu, saa nne, na watoto wako nje pamoja na wazee. Mji ule ulikuwa wa Waislamu kwa zaidi ya miaka mia tano, jina lake likiwa Ishbiliya, na mimi nikisoma habari zake huona pwani yetu. Sisi tuna neno la jambo hilo: kupunga upepo. Hapa Tanga unatoka Ngamiani jioni, unapata mihogo na kachumbari hapa, kahawa na kashata pale, unajikuta Raskazone jua linazama, na hakuna aliyekuuliza umefuata nini.

Columbus haikujengwa hivyo. Ni mji wa magari, barabara zake pana, na mwenye miguu anaonekana kama aliyepatwa na jambo. Hata hivyo nilitembea. Mchana nilikuwa North Market, soko la tangu 1876, nikala wali wa Kisomali na ndizi mbivu pembeni, kama wanavyoula wenyewe. Wasomali wa Columbus kwa wingi ni wa pili Marekani baada ya wale wa Minneapolis. Kesho yake nilikosa basi Cleveland Avenue, nikaamua kwenda kwa miguu. Nje ya duka moja mabibi wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wamejifunga kanga, wanazungumza. Nikapita. Nikasimama. Nikarudi.

Walikuwa wanazungumza Kizigua.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzigua wa Handeni. Lugha ile ndiyo aliyokuwa akinigombezea nikiwa mdogo, na sikuwa nimeisikia ikisemwa barabarani tangu tumzike. Nilijua kwa kusoma kwamba iko Somalia; njaa ya miaka ya 1830 iliwafanya wengi wa Uzigua wauzwe na wavushwe kwa majahazi hadi Somalia ya kusini, wakatumikishwa mashambani, na waliotoroka wakajificha kwenye bonde la mto Juba. Huko waliitunza lugha kwa karibu miaka mia mbili. Vita vya 1991 viliwafukuza hadi kambi za Kenya. Wapo waliorudi kwetu Handeni, kijiji cha Chogo, wakapewa uraia wa Tanzania, na kuanzia 2003 maelfu wakapelekwa Marekani. Hayo nilikuwa nayo kichwani. Lakini nilipoisikia lugha yenyewe kwa masikio yangu, kando ya barabara ya Ohio, kutoka kwa bibi anayelalamika kuhusu goti lake, nililia bila kujificha. Walinivutia kiti. Walinipa chai ya hiliki na sambusa mbili kutoka kwenye mfuko wa karatasi. Nilijibu Kizigua changu kibovu wakanisahihisha, kwa sauti ileile ya bibi yangu.

Kama ningelipata basi, ningewapita. Hilo nawaambia wote waendao ng'ambo na kurudi na picha za maduka makubwa.

Sasa Louisville. Mwanetu hupanga vifurushi usiku, kwa maana mji ule ni kituo kikubwa cha mizigo ya ndege na kazi hiyo hufanywa watu wengine wamelala. Anarudi alfajiri, analala kwa muda wa saa nne au tano, kisha anaendesha abiria mpaka jioni. Alikuwa ameniandalia mabegi mawili ya zawadi za kurudi nazo. Nikamwambia rudisha dukani kinachorudishika, mimi nataka Jumamosi yako. Alinyamaza sana. Mkewe ndiye aliyesema, "Mpe."

Tulitoka saa nne na nusu. Chai na mandazi upande wa kusini wa mji, karibu na Iroquois Park, kwa mama wa Kikongo anayepika nyumbani. Halafu Grand Avenue, kwenye nyumba ndogo ya rangi ya waridi alikokulia Muhammad Ali. Alizaliwa mji huo mwaka 1942, na tangu 2019 uwanja wao wa ndege una jina lake. Mwanetu hupita chini ya jina hilo kila usiku, na nyumba hakuijua ilipo. Nikamsimulia pambano la Kinshasa la Oktoba 30, 1974, baba yake na wenzake walivyokusanyika kwenye redio. Nikamsimulia na la 1980, Ali alipotumwa na Rais Carter kuja Dar es Salaam kutushawishi tuisusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Hakuwa amelisikia. Tulikaa kwenye ukingo wa barabara tukilizungumza, na nadhani ni hapo mabega yake yaliposhuka kwa mara ya kwanza.

Mchana tulikula sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi ambao Wakongo huwaita makayabu, na ugali wa muhogo, tukaosha mikono na kukaa tena. Mtu wa meza nyingine alijiunga. Tukafika darajani kama saa kumi na moja.

Mto Ohio ni mpana, wa rangi ya udongo. Hadi utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, ng'ambo hii mtu aliweza kuuzwa na ng'ambo ile hakuuzwa, na waliotoroka walivuka usiku, wakijua kwamba hata huko wanaweza kufuatwa na kurudishwa. Sisi tulivuka kwa nusu saa, tukipitwa na watoto wenye baiskeli. Upande wa pili, Jeffersonville, kuna duka la peremende la Schimpff's, la tangu 1891. Tulinunua zile nyekundu za mdalasini. Alikula kama mtoto.

Msiseme kupunga upepo huku ni uvivu, au kwamba Wahispania wamezaliwa hivyo. Mwajiriwa wa Hispania ana likizo ya siku 30 kwa mwaka kwa sheria, kwa malipo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 28. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa hata siku moja yenye malipo. Kwa mwanetu, siku asiyofanya kazi haina mshahara. Hilo ni la Wamarekani kulirekebisha, na wako kati yao wanaolidai.

Lakini liko la kwetu. Nilipokuwa nyumbani kwake niliisikia simu yake. Mabati ya banda. Ada ya mtoto wa binamu. Kadi ya mchango wa harusi ya mtu ambaye yeye hamkumbuki, na siku tatu baadaye sauti ya mwenyekiti wa kamati ikiuliza kulikoni. Kila mmoja anaomba kidogo, na kila mmoja ana shida ya kweli, nazijua baadhi. Ila hakuna aliyekaa akapiga hesabu kuwa vidogo hivyo ndivyo Jumamosi yake. Mimi mwenyewe mwaka juzi niliomba pesa ya kupaka nyumba rangi. Ukuta ulikuwa unaweza kungoja. Nimemwomba radhi mbele ya mkewe.

Sisemi asitume. Mgonjwa atasaidiwa, mtoto atasoma. Nasema kwenye lile kundi letu la simu tukubaliane kwamba michango ya sherehe haimfikii mpaka aulize mwenyewe, na kwamba siku moja katika mwezi hakuna anayempigia ila wa kumjulia hali. Wenye ndugu Buffalo na Columbus, fanyeni yenu.

Tulirudi darajani taa zinawaka. Tulipofika katikati simu yake ikalia, na nikaliona jina. Ilikuwa ni kutoka kwetu Ngamiani. Nikamwambia nipe hiyo. Nikasema, "Yuko na mimi, tunapunga upepo, atapiga Jumatatu," nikaikata na kuitia mkobani mwangu.

Alikuwa ameegemea chuma cha daraja. Tishari refu la makaa ya mawe lilikuwa linapita chini, polepole sana, na hakuondoka mpaka lote lilipomaliza kupita.