Miwani sawa, lakini nani amemshika mkono?

Wasee, kuna gemu moja inaitwa SnowWorld. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle na Hunter Hoffman na David Patterson, na si ya kupitisha muda. Ni ya watu walioungua. Unavaa miwani ya VR, unajikuta kwa bonde la barafu, unarushia pengwini mipira ya theluji huku nesi akikusafisha kidonda. Wagonjwa walisema uchungu ulishuka sana, na hata picha za ubongo zilionyesha sehemu zinazoshughulika na maumivu zimetulia.

Hakuna uchawi hapo. Uchungu hutaka uuangalie. Akili ikishikwa na pengwini, nafasi ya kuusikia inakuwa ndogo. (Dawa za maumivu wanapewa bado, msiseme nimewaambia gemu inatosha.)

Mimi sina shida na miwani. Zikuje. Shida yangu ni vile tunasifu mashine na kufukuza kitu tayari tuko nacho. Mwaka wa 2018 Pavel Goldstein na wenzake walichapisha utafiti wa wapenzi: mwanamke anachomwa kidogo na joto mkononi, mpenzi wake yuko hapo. Akishikwa mkono, uchungu unapungua. Jamaa akikaa tu bila kumgusa, haisaidii hivyo.

Sasa linganisha na hii. Binamu yangu alimwagikiwa na chai akiwa na miaka 4. Kila siku ya kubadilisha bandeji, auntie aliambiwa atoke nje. Mtoto anaita mamake, mlango umefungwa, mama amesimama kwa korido akisikia kila kitu. Manze, hiyo ni nini?

Najua manesi ni wachache na kidonda cha moto kinashika viini haraka. Basi mpe mama gauni na barakoa, anawe mikono, aingie. Kuna wazazi watazimia, sawa, hao wapumzike nje. Lakini kumfungia kila mtu ni uvivu wa kufikiria. Na kama hamna miwani ya VR, simu yenye katuni si mbaya, bora mwenye ameishika ni mtu mtoto anamjua.

Kama mko na mtu wodi ya walioungua, kabla bandeji haijaguswa muulize nesi kwa heshima: naweza kubaki?