Permi si mafunzo: wamotari wazoefu nao waingie masomo

Wandugu wamotari wa Butembo, Beni, Oicha na Kasindi, na ninyi wote munaopanda piki kila asubui bila kujua kama mwenye kuwapeleka anajua kufunga freni,

"Mimi niko ku piki tangu miaka 10, mwalimu atanifundisha nini?" Neno hili tunalisikia ku kila parkingi tangu tulianza kuomba mafunzo ya usalama kwa wamotari wa zamani, si kwa wapya peke yao. Linatoka kwa watu wanaolisha familia kwa mikono yao, kwa hiyo tunalijibu kwa heshima. Lakini tunalijibu.

Nani alikufundisha piki? Kaka yako, ku kiwanja cha mupira, siku moja ya yenga. Alikuonyesha vitesi, ambreyaje, na freni ya muguu. Ile ya mukono alikukataza: "Usiiguse, itakuangusha." Na wewe ukamufundisha mudogo wako vilevile. Sasa hesabu: miaka 10 ya kufunga kwa muguu tu ni miaka 10 ya kutumia freni ile ndogo na kuacha ile kubwa. Piki inapofunga, uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi. Kwenye lami kavu, freni ya mbele njo inafanya karibu 70% ya kazi. Ku matope na changarawe inaguswa polepole sana, ni kweli, na pale kaka yako hakusema uongo. Ila hatuko tena mu matope peke yake.

Juni 2021, maraisi Tshisekedi na Museveni walizindua ku mupaka wa Kasindi na Mpondwe kazi ya barabara za kilometa 223, ndani yake 80 za Kasindi–Beni na 54 za Beni–Butembo. Lami tuliiomba sisi wenyewe, tena kwa sauti. Lakini lami inaleta mbio. Mutu aliyejifunza kukwepa mashimo ku kilometa 25 kwa saa, leo anakata 60 na wateja wawili nyuma na gunia mbele. Ku 60, sekunde moja ni mita karibu 17: umeona mutoto anavuka, umeshituka, na mita 17 zimekwisha mbele hata uguse freni. Tena ukiongeza mwendo mara mbili, njia unayohitaji ili freni isimamishe piki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara ine. Mashimo hayakutufundisha ile hesabu.

Ongeza magari yenye usukani kuume. Dereva amekaa upande wa mutaro; akitaka kupita lori, hakuoni mpaka atoe nusu ya gari mbele yako. Ongeza wenzetu wanaovuka Kasindi kila wiki: huku tunatembea kuume, Uganda wanatembea kushoto. Nani alisha kuwakalisha chini kuwaelezea namna ya kugeuza macho ku rompwe ya kwanza? Kila mutu anajifunza na mwili wake.

Na serikali inatoa nini? Karatasi. Sheria no 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978 inaomba permi, sawa, hatuikatai. Lakini mu ofisi moja, jina tuliache, nilingoja asubui nzima, na ulizo moja tu nililopewa ni kama picha yangu iko na rangi nyeupe nyuma. Niko na lisansi ya uchumi. Kazi haikupatikana, nikachukua piki ya patro kama maelfu ya wenzangu. Kwa ile diploma waliniuliza maulizo miaka nzima, mudomo na maandishi. Kwa kubeba mama na mutoto mugongoni, hakuna aliyeniuliza hata freni iko wapi.

Kisha ku bariyeri: plake, asiransi, permi, amande. Kaske inaangaliwa ku kichwa cha motari tu. Kamba ya kidevu hakuna anayeigusa, na muteja anaenda kichwa wazi. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisha kuandika kwamba kaske nzuri, iliyovaliwa sawasawa, inapunguza hatari ya kufa kwa 42% na ya kuumia kichwa kwa 69%. Kaske inayoning'inia ku mukono mpaka polisi aonekane haipunguzi kitu, isipokuwa amande.

Tulisha kujaribu mafunzo haya sisi wenyewe, asubui mbili, ku kiwanja, na mwalimu wa kujitolea. Walikuwepo wamotari wa miaka 12 na zaidi. Mumoja alicheka tangu alifika. Wakamuomba afunge ku alama moja, mwendo wa 40: kwanza muguu peke yake, kisha muguu na mukono pamoja. Tukapima kwa hatua. Mara ya pili alisimama karibu nusu ya ile njia. Hakusema kitu, akaomba kurudia, na akarudia mpaka esansi ikataka kuisha. Tulijifunza pia kuangalia pale unataka kupita, si shimo unaloogopa, juu piki inafuata macho. Na aliyeanguka asivutwe kaske kichwani haraka-haraka, asitupwe juu ya piki ingine kama muzigo.

Kule Ufaransa, tangu 2011, mutu mwenye permi ya gari ya miaka miwili analazimishwa masaa 7 ya mafunzo mbele ya kupanda piki ya 125. Ile ni saizi ya TVS na Boxer zetu. Masaa 7! Usituambie haiwezekani.

Kuko neno moja tunalowapa haki wamotari: siku ya masomo, versema ya patro haitangoji. Kweli. Kwa hiyo masomo yawe nusu siku, parkingi kwa parkingi, na mapatro waache versema ya siku ile. Piki iliyovunjika inakaa garaji wiki nzima. Nazo pesa za jetoni zinazokusanywa kila siku ku barabara zitoe mwalimu na kiwanja, na hesabu yake ibandikwe ku parkingi kila mutu aisome. CNPR ilete wafundishaji, isilete mabango tu. Na permi isitoke tena bila mutu kupanda piki mbele ya mwenye kuitia sahihi.

Barua ya meya tulisha kuiandika. Karatasi za sahihi zitapita ku parkingi wiki hii. Mwenye kutia sahihi aandike na miaka aliyofanya ku piki. Wenye zaidi ya 10 njo tunawataka wa kwanza.