Manzi na Jamaa Hawashiki Stimu Ile Ile

Shuka Emali au Mtito Andei usiku, hapo kwenye barabara ya Mombasa, uone vile muguka inauzwa. Nenda Mwingi, kwenye ile ya Garissa, ni vile vile. Majani yanatoka Mbeere, ng'ambo tu ya Mto Tana, kwa hivyo yanafika Kitui na Makueni yakiwa bado mabichi. Na siku hizi wanaotafuna si madereva wa malori na watu wa boda boda pekee. Mamanzi pia wamo, ila wao hujifungia chumbani kwa kuogopa kuitwa majina.

Ndani ya majani hayo kuna kathinoni, binamu wa amfetamini. Inasukuma ubongo kumwaga dopamini, ile kemikali inayokuambia, "Hii ni poa, rudia tena." Majani yakinyauka kathinoni hupungua, ndiyo maana kila mtu anataka mabichi.

Sasa, jambo ambalo hatuambiwi ni kwamba homoni nazo zina usemi hapo. Mtafiti Jill Becker wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, amechunguza panya jike kwa miaka mingi. Estrojeni ikiwa juu, kichangamshi kinamwaga dopamini nyingi zaidi, na panya hao wanazoea kujitafutia kokeni haraka. Mwaka wa 1999, watafiti wa Chicago waliwapa wanawake amfetamini. Stimu ilikuwa kali zaidi katika nusu ya kwanza ya mzunguko wa hedhi, kabla yai halijatoka. Yai likishatoka, projesteroni hupanda, na tafiti nyingine zimeonyesha kuwa homoni hiyo hupunguza utamu wa kokeni kwa wanawake.

Ndiyo, hizo ni tafiti za kokeni na amfetamini, si za muguka. Lakini kathinoni inapitia mlango ule ule wa dopamini. Kwa hivyo manzi mmoja, kibunda kimoja, wiki mbili tofauti, anaweza kushika stimu mbili tofauti. Aliyejaribu kuacha akakaa vizuri siku kumi, kisha hamu ikamrukia ghafla, asikimbilie kujiita dhaifu. Huenda ni mwili umebadilisha gia.

Mbona hatukuambiwa mapema? Mwaka wa 1977, Marekani ilishauri wanawake wanaoweza kupata mimba wasiwekwe katika majaribio ya mwanzo ya dawa. Ushauri huo uliondolewa 1993. Kwa miaka hiyo yote, mwili wa mwanamume ndio ulikuwa kipimo cha kila mtu.

Huku kwetu, Mei 2024, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga muguka marufuku, Embu ikawaka, kesi zikaenda kortini, Ikulu ikasema ni zao halali. Kelele nyingi zilikuwa za pesa na sheria. Mwili wa anayetafuna ulisahaulika.

Najua mtasema wanaume ndio wengi. Kweli. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulionyesha karibu mtu 1 kati ya 28, wa miaka 15 hadi 65, anatumia miraa au muguka, na wengi wao ni wanaume. Lakini uchache wa mamanzi si sababu ya kuwapa ushauri uliokatwa kwa kipimo cha jamaa.

Kwa hivyo, kaunti za Kitui na Makueni, ombi letu halihitaji bajeti kubwa. Mshauri anayemwona msichana anayetaka kuacha amuulize pia kuhusu mzunguko wake, amwonyeshe jinsi ya kuandika tarehe na kujua siku za hatari. Nasi vijana tuache kuwaita wasichana hao majina. Kemikali hazijui aibu, na aibu haijawahi kumtibu mtu. Inamfunza tu kufunga mlango vizuri zaidi.